Nilidhani upepo, kumbe kioo!

Shingo yangu imerudi mahali pake na masikio yameanza kunitii tena. Wiki iliyopita tuliwachambua wenye nyumba wanaotaka kodi ya mwaka mzima, na meseji zenu nimezipata, zingine zina matusi ya kutosha, asanteni sana. Leo tuwape wenye nyumba mapumziko. Leo ni pikipiki.

Najua kuna wadada ambao hapa wameshaanza kufungua ukurasa wa pili. Subirini kwanza! Kama una kaka, mume au mchumba anayepiga safari za mkoani na pikipiki, haya yanakuhusu. Siku akirudi ukamwita mara tatu asiitike, utadhani ana kiburi au kapata mwingine huko. Huenda hakusikii tu, masikini.

Basi bwana, nina bibi yangu Morogoro, mzaa mama. Ndiye aliyenilea mpaka nikamaliza darasa la saba, na utani wetu ni ule ule wa bibi na mjukuu, mimi kwake ni "mume wangu". Mwaka juzi alipata kiharusi. Mungu saidia, mguu umerudi kidogo, mkono hivyo hivyo, lakini sauti ndiyo imebaki ndogo mno, ya kunong'ona. Ukitaka kumsikia unainama mpaka sikio liguse shavu lake.

Ikaingia Jumamosi moja nikasema leo naenda. Mtaniuliza mbona nisipande treni ya umeme, ambayo tangu 2024 inakufikisha Moro kabla hujamaliza kupiga stori na jirani. Kweli kabisa. Lakini braza wangu ana pikipiki ya sisi 250, na siku hiyo alikuwa ameniazima kwa moyo mmoja, jambo ambalo kwa braza yule hutokea kama kupatwa kwa jua. Halafu kijana wa mjini akishapewa funguo, treni anaisikia wapi?

Kasheshe lilianzia hapa. Safari ya nyuma nilikuwa nimekwenda Bagamoyo na pikipiki ile ile, haina kioo cha mbele, na upepo ulinisukuma kifua mpaka nikahisi kama nimebeba gunia la mkaa kwa mbele. Nikaapa sirudii. Nikaenda Kariakoo, nikanunua kioo cha plastiki kirefu kuliko vyote dukani. Fundi akakifunga kwa boliti nne, nikakaa juu, nikajitazama kwenye kioo cha duka la jirani. Wacha wee! Nilionekana kama mzungu anayetoka Cairo kwenda Cape Town. Moyoni nikasema upepo umenipata wapi leo.

Nikatoka Mabibo asubuhi. Kimara, Mbezi, Kibamba, mpaka Kibaha, hakuna neno. Kwanza ni foleni, pili ni zile sehemu za kilomita 50 kwa saa ambazo wazee wa tochi wamejificha nyuma ya mwembe wanakusubiri. Kwa mwendo huo kioo changu kilikuwa bomba. Nikawa nawaonea huruma bodaboda waliokuwa wanakula vumbi bila kinga.

Mlandizi ikapita. Barabara ikafunguka, mshale ukapanda 80, ukagusa 90, na hapo ndipo kichwa kikaanza kupigwa makofi.

Sikutanii, ni makofi. Huu si ule upepo wa kusukuma niliouzoea siku ya Bagamoyo. Huu unapiga kushoto, kulia, kushoto, kulia, haraka haraka, kama mtu kakushika helmeti kwa mikono miwili anaitikisa ili akuamshe. Macho yakaanza kucheza. Basi lililokuwa mbele yangu naliona ni basi, lakini namba za nyuma sizisomi, zinaruka ruka. Sauti nayo ilikuwa ni ngurumo, ngoma inayopigwa ndani ya helmeti yenyewe. Nikafikiri labda nimekosea kufunga kamba ya kidevu. Nikasimama, nikakaza, nikaondoka. Makofi yakaendelea.

Nikafanya kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya. Nilikaza mikono. Nikaushika usukani kama ninamkaba mwizi. Sasa ukikaza mikono, kila tikisiko la mwili linashuka kwenye usukani, na pikipiki nayo ikaanza kuyumba. Mimi naona inayumba, nazidi kukaza. Yenyewe inazidi kuyumba. Tulikwenda hivyo mpaka Chalinze, mimi na pikipiki tukigombana njia nzima.

Pale Chalinze nilinunua mishikaki, mkono ukawa unatetemeka mpaka yule kijana muuzaji akanipa pole akidhani nina malaria. Bado nusu ya safari. Mbele ya Mikese, milima ya Uluguru imeshaonekana mkono wa kushoto, likaja lori la mafuta kutoka upande wa pili. Kichwa kilikuwa kimechoka, shingo imekuwa kama mti. Lori lilipopita, upepo wake ulinisukuma kwanza nje, halafu ukanivuta ndani. Mtu mwenye akili timamu angeachia mwili utembee na pikipiki. Mimi nilikakamaa, na gurudumu la mbele likafika kwenye ukingo wa lami, pale lami inapoachana na changarawe. Upana wa kiganja tu ulibaki. Nilimtaja Mungu na watakatifu wote, hata wale wasio wa dini yangu.

Nikafika kwa bibi salama. Nikavua helmeti, nikaingia ndani, shikamoo bibi. Nikaona midomo yake inacheza.

Sikusikia kitu.

Masikioni mlikuwa na filimbi. Wiiiii, haikatiki. Nikainama kama kawaida, sikio kwenye shavu lake, pumzi yake naihisi, maneno hayaji. Nikaona aibu kusema sisikii, mgonjwa ni yeye, si mimi. Basi nikawa naitika. "Eeh bibi. Ndiyo bibi. Kweli bibi." Akawa anasema, anapumzika, anasema tena, akacheka peke yake, akanishika mkono, machozi yakamlenga. Mimi natabasamu kama zezeta. Hiyo ilikwenda kama robo saa.

Jioni mama mdogo akaniambia, "Leo umembariki mama. Tangu augue hajawahi kuongea maneno mengi namna ile. Amekuhadithia mama yako alivyozaliwa njiani, kwenye mvua, wakielekea hospitali, na babu yako alivyokimbia kuazima baiskeli. Hata mimi kuna vipande nilikuwa sivijui."

Mama yangu ni marehemu, wasomaji wangu. Hadithi ya kuzaliwa kwake nilihadithiwa mdomo kwa sikio, na nilichopata mimi ni filimbi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa na kuku.

Kesho yake asubuhi filimbi ilikuwa imepungua, lakini bibi alikuwa amechoka. Nilimwomba anirudie, akapunga mkono wake mzima, kwamba siku nyingine.

Sasa jirani pale yuko mzee mmoja, mtaa mzima humwita Bwana Shamba. Ni mstaafu, alizunguka vijiji na pikipiki ya serikali zaidi ya miaka thelathini. Alipita kumjulia hali bibi, akaiona pikipiki, akaizunguka mara mbili.

"Kijana," akasema, "hiki kioo umekinunua au umepewa adhabu?"

Nikamweleza yote. Hakucheka. Akanichukua mpaka mtoni, Mto Morogoro huo unaoshuka kutoka Uluguru, akanionyesha jiwe kubwa katikati ya maji. Akachuma jani, akalitupa pembeni ya jiwe, penye maji mengi yanayokwenda kwa nguvu. Jani likaenda moja kwa moja, limetulia, kama limelala. Akatupa la pili nyuma kabisa ya jiwe, limeligusa. Likakaa pale pale. La tatu akalitupa nyuma ya jiwe tena, ila mbali kidogo, pale maji ya kulia na ya kushoto yanapokutana. Mama yangu! Jani lilizungushwa, likazama, likaibuka, likapigwa huku na huku.

"Kichwa chako ndilo hilo jani la tatu," akasema. "Jiwe ni kioo chako."

Wapenzi wasomaji, hilo somo nililipata bure na ndilo nalileta kwenu. Upepo wenye nguvu sio unaotikisa kichwa. Upepo ulionyooka, hata ukiwa mkali, unakusukuma tu, na mwili unauzoea. Kinachotikisa ni upepo uliochanika. Unagonga ukingo wa juu wa kioo, unapasuka, unageuka visulisuli vidogo vidogo, na mahali visulisuli hivyo vinapotua ndipo panapopigwa. Vikitua kifuani husikii sana. Vikipita juu ya kichwa, salama. Vikitua kwenye kidevu na pembeni za helmeti, umekwisha. Kioo changu kirefu kilikuwa kimeishia usawa wa kidevu changu hasa, kama kwamba nilipimwa na fundi cherehani.

Unajuaje yako inatua wapi? Bwana Shamba alinipeleka barabara ya Dodoma, asubuhi ya Jumapili, kweupe, hakuna magari. Akasema nenda kama 70, mikono yote miwili kwenye usukani, halafu jiinue kidogo tu kwenye vikanyagio, kama mtu anayepita tuta. Nikajiinua. Ajabu! Kelele ikashuka, kichwa kikatulia tuli, upepo ukawa wa kusukuma tu. Nikakaa, ngoma ikaanza. Nikajikunja chini nyuma ya kioo, kimya tena. Kwa hiyo juu kuna utulivu, chini kuna utulivu, na mimi nimekaa katikati kwenye vurugu. Hakikisheni barabara ni nyoofu na tupu kabla hamjajaribu, na wala msijaribu mkiwa mmempakia mtu.

Jaribio la pili ni la bure zaidi. Ng'oa kioo chote, panda, nenda mwendo ule ule. Kama kichwa kinatulia, basi mchawi ni kioo, acha kuisingizia helmeti na hali ya hewa. Mimi nilirudi Dar siku hiyo bila kioo, nimekifunga kwenye kiti cha nyuma kwa mpira kama abiria asiyelipa. Kifua kilisukumwa, ndiyo, nilifika nimechoka mikono. Lakini namba za mabasi nilizisoma zote, na karibu na Mikese nilipita katikati ya barabara yangu kama mtu na heshima zake.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ama upandishe kioo mpaka kichwa kizima kiingie nyuma yake, ama ukishushe mpaka helmeti itoke juu kwenye upepo mnyoofu. Kupandisha kunavutia, lakini fikiria usiku, mvua inanyesha, wadudu wamejibandika, halafu unatazama njia kupitia plastiki yenye mikwaruzo. Hapana. Kioo unatakiwa kuona juu yake. Mimi nilichagua kukata.

Kukata nako usiwe na papara. Nilibandika tepu ya karatasi ili plastiki isipasuke, nikachora mstari, nikakata kwa msumeno wa chuma wa meno madogo, sentimita 5 tu, nikapiga msasa ukingo, nikaenda kujaribu barabara ya Bagamoyo. Bado. Nikatoa 4 nyingine. Afadhali. Nikatoa 3. Hapo kichwa kikatulia. Ukikata 12 kwa mkupuo mmoja na ukakosea, dukani hawauzi kipande cha kurudishia.

Kuna kitu kingine ambacho sikukitegemea. Baada ya kukata nilianza kusikia upepo unanisukuma mgongoni! Mtu anakwenda mbele anasukumwa mgongoni, uchawi gani huu? Nikampigia Bwana Shamba. Akaniambia kioo kikizibana mpaka chini kwenye taa, nyuma yake panabaki utupu, na hewa ya mgongoni mwako inakimbilia kuujaza. Ipe njia ya chini. Nikaweka washa nene na boliti ndefu zaidi, ukapatikana mwanya wa vidole viwili kati ya kioo na taa. Ule msukumo ukaisha. Na kwa kuongeza washa za juu au za chini, unabadilisha mlalo wa kioo, na mlalo ukibadilika kidogo tu, mahali visulisuli vinapotua hubadilika sana. Jaribuni hilo hata kabla ya msumeno.

Sasa hapo tena ndipo nilipogombana na braza. Aliichukua pikipiki yake, akarudi jioni amefura. "Umeharibu kioo! Kilikuwa safi, sasa kinanipiga puani!" Tukabishana nusu saa, shemeji akiwa mwamuzi, mpaka tukagundua kwamba wote tuko sahihi. Braza ni mfupi. Kioo kirefu kilimficha kichwa chote, kwake kilikuwa raha mustarehe. Mimi nina futi sita kasorobo, kilinikata kidevuni. Tulipokikata, mimi nikatoka nje, yeye akaingia kwenye vurugu. Dawa yake ilikuwa matundu mawili ya ziada kila upande. Akipanda yeye anakipandisha, nikipanda mimi nakishusha, dakika tatu na spana moja.

Na msidhani ni sisi wa Mabibo tu wenye tabu hii. Waitaliano wa Moto Guzzi walijijengea handaki la upepo kiwandani kwao Mandello del Lario tangu miaka ya 1950, feni kubwa linavuma, wanatazama hewa inavyopita juu ya pikipiki. BMW mwaka 1976 walitoa R100RS, iliyofunikwa mbele kiwandandani kabisa, na umbo lake lilisanifiwa kwenye handaki la upepo. Pamoja na mitambo hiyo yote, mpaka leo mtu ananunua pikipiki ya mamilioni na kichwa kinapigwa, kwa sababu hakuna handaki linalojua urefu wa shingo yako.

Nisiwasahau wasio na kioo. Ukiyumbishwa na huna kioo, jitazame mwenyewe. Koti pana linalopepea kama bendera ni makofi matupu, funga zipu, kaza mikono na kiuno. Helmeti iliyokulegea inapata nafasi ya kutikiswa, inatakiwa ibane mashavu mpaka uongee kama unatafuna. Na lile begi la mgongoni lililosimama juu ya mabega, lishushe au lifunge kwenye kiti. Halafu mikono, jamani. Shika usukani kama umeshika mkono wa mtoto, viwiko vikunjwe, mapaja ndiyo yabane tanki. Egemea mbele kidogo. Pikipiki iachiwe icheze chini yako, itajinyoosha yenyewe.

Mwendo nao una hesabu yake. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya upepo haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Kwa hiyo ile ya 100 ni mara nne ya ile ya 50. Lakini hesabu hiyo inakusaidia pia ukirudi nyuma. Kutoka 100 kushuka 80 upepo unapungua zaidi ya theluthi, na Moro unafika umechelewa dakika ishirini na kitu tu. Hapo hujanunua kitu, umelegeza kiganja tu.

Malori ni somo la peke yake. Nyuma ya semi-trela upepo umechanika kuliko wa kioo chochote, na wengi wetu ndipo tunapopenda kujificha eti kuna kivuli. Kaa mbali, au kama njia iko wazi kabisa na unaruhusiwa, lipite bila kuzubaa pembeni yake. Linalokuja mbele lisubiri kwa kulegeza mikono kabla halijafika, ujue litakusukuma halafu litakuvuta. Kaa katikati ya upande wako, usijibanze ukingoni kama nilivyofanya mimi, maana ukingoni ukisukumwa huna pa kwenda.

Turudi kwenye masikio, maana hayo ndiyo yaliyonitia uchungu. Kelele inayokuumiza barabarani si eksozi, ni upepo huo huo uliochanika ukigonga helmeti. Kwenye kilomita 60 kwa saa ndani ya helmeti kunakuwa na kama desibeli 90, na kwenye 100 unakaribia desibeli 100. Wataalamu wa afya kazini wanasema sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Piga hesabu mwenyewe: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 97 nusu saa, 100 robo saa. Dar mpaka Moro ni kilomita 190 na ushee! Filimbi ile ni sikio linalia. Mara nyingi linapona baada ya saa kadhaa au siku moja mbili, lakini ndani mle kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na vikishakufa haviotI tena. Helmeti ya bei mbaya haizuii kiasi cha kutosha. Kinachozuia ni vile vizibo laini vya sifongo vinavyouzwa maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi, bei yake haifiki sahani ya chipsi. Unakifinyanga, unavuta sikio juu na nyuma, unakichomeka, unasubiri kivimbe. Honi utaisikia, king'ora utakisikia, kinachopungua ni ngurumo. Na wewe bodaboda unayevaa vile vya muziki halafu unaongeza sauti ili kuishinda kelele ya upepo, unaongeza moto kwenye moto.

Nilirudi Moro baada ya wiki sita. Kioo kifupi, mwanya chini, vizibo masikioni, koti limebana, mshale haukupita 80 hata pale barabara iliponitongoza. Chalinze nilikula mishikaki mkono umetulia, yule kijana akaniuliza kama nilipona malaria. Nikamwambia nilipona.

Bibi alikuwa amekaa barazani juani. Nikavua helmeti, nikatoa vizibo, nikainama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umechelewa."

Nilimsikia, wasomaji wangu. Nikamwomba anirudie ile ya mama, ya mvua na baiskeli. Akanitazama kwa jicho moja lililofumbwa kidogo, akasema, "Si nilikuhadithia ukasema eeh, eeh?" Nikakiri kila kitu. Akacheka mpaka akakohoa, mama mdogo akakimbilia maji. Halafu akaniambia nivute kigoda, nisogee upande wa sikio zuri.